Kurekodi traki za GPS na kuzifanya ramani huria: mwongozo kamili

Traki ya GPS ni mlolongo wa nukta. Kila nukta ina latitudo, longitudo, saa, na kwa kawaida mwinuko. Ukiziunganisha unapata mstari wa mahali ulipopita, basi. Mstari huo haujui kama ulikanyaga lami au tope, kama daraja ulilovuka linabeba lori, wala wenyeji wanaiitaje njia hiyo. Hayo uliyaona na kuyasikia wewe, na yasipoandikwa siku ileile yanapotea. Kwa hiyo kazi hii ina mikono miwili: kipimo kizuri na maelezo mazuri. Wanaoanza huhangaika sana na mkono wa kwanza wakausahau wa pili.

Ramani tunayoizungumzia ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Mwanzoni hapakuwa na picha za setilaiti zilizoruhusiwa kuchorewa, hivyo barabara ziliingia kwenye ramani kwa watu kuzipita na kipokezi cha GPS mkononi. Leo picha zipo karibu kila mahali, lakini traki bado ina kazi. Picha haioni njia iliyofunikwa na miti. Haioni barabara iliyochongwa baada ya picha kupigwa. Tena picha yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi, na njia rahisi ya kuligundua hilo ni kuilinganisha na traki za watu waliopita pale kwa miguu yao.

GPS inavyokosea

Ukielewa makosa ya GPS yanatoka wapi, nusu ya kazi umeimaliza. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika kutoka kwenye setilaiti zilizo kimo cha takriban kilomita 20,200. Kinahitaji setilaiti nne kwa uchache: tatu za kukadiria mahali na ya nne ya kusahihisha saa ya kipokezi, kwa sababu saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosea kwa mita 300. Simu za sasa husoma pia setilaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri zinavyoonekana nyingi zilizotawanyika angani ndivyo kipimo kinavyotulia.

Mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa kama mita 5. Kati ya majengo marefu, kwenye bonde jembamba au chini ya miti minene, mawimbi hugonga ukuta au mwamba kwanza ndipo yafike kwenye simu. Safari yao imerefuka, na kipokezi kinadhani setilaiti iko mbali zaidi. Hapo kosa linaweza kufika makumi ya mita. Simu zinazopokea masafa mawili, L1 na L5, huvumilia hali hii vizuri zaidi.

Makosa ni ya aina mbili. Kuna nukta zinazorukaruka huku na huku. Hizi huonekana wazi na ni rahisi kuzipuuza. Na kuna mstari mzima uliohama upande mmoja kwa mita 6 au 8, ukiwa laini na mzuri wa kutazama. Huu wa pili ndio hatari, maana hakuna kinachokushtua. Dawa yake ni kuipita njia hiyohiyo tena kwa saa tofauti. Usirudi kesho saa ileile: setilaiti za GPS hurejea kwenye mpangilio uleule angani kila baada ya takriban saa 23 na dakika 56, kwa hiyo unaweza kuvuna kosa lilelile mara mbili ukadhani umethibitisha ukweli. Ukipita asubuhi, rudi alasiri.

Kuandaa simu

Huhitaji kununua kifaa maalumu. Simu janja inatosha kwa karibu kazi zote za kijamii. Kipokezi cha mkononi kinachotumia betri za kubadilisha kinafaa zaidi kwa safari za siku kadhaa bila umeme, au mvua inaponyesha.

1. Weka programu ya kurekodi. Kwenye Android, OSMTracker imetengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa: ina vitufe vikubwa vya kuweka alama, kupiga picha na kurekodi sauti. GPSLogger ni nyepesi sana na haimalizi betri haraka. OsmAnd hurekodi kwa kutumia kiendelezi chake cha safari, na ipo pia kwa iPhone. Watumiaji wa iPhone wana Go Map!! vilevile, inayorekodi na kuhariri ramani papo hapo.

2. Ipe programu ruhusa ya kusoma mahali ulipo kwa usahihi kamili, hata skrini ikiwa imezimwa. Simu ikitoa makadirio tu ya eneo, traki itakuwa takataka.

3. Ondoa programu hiyo kwenye orodha ya zile ambazo simu huzizima ili kuokoa betri. Hii ndiyo sababu kuu ya traki kukatika katikati: mtu anatembea saa mbili, anafungua simu, anakuta nukta za dakika kumi za mwanzo peke yake.

4. Zima kipengele chochote kinachonatisha mahali ulipo kwenye barabara iliyo karibu. Kinafaa kwa kuelekeza madereva, lakini kwa mchora ramani ni sumu. Kinafuta kipimo chako na kuweka mstari wa ramani nyingine mahali pake. Kama ramani hiyo ina hakimiliki, unakuwa umenakili bila kujua.

5. Hakikisha faili inahifadhiwa kama GPX, muundo wa faili wa kuhifadhi traki, na kila nukta ina saa yake. OpenStreetMap haipokei nukta zisizo na saa.

6. Jaza chaji, na beba pawabenki kama utakuwa nje zaidi ya saa nne au tano. Ukitaka kubana betri, weka hali ya ndege. GPS ni kupokea tu, haitumi chochote, hivyo inaendelea kufanya kazi. Ila subiri kwanza simu ijue ilipo ndipo ukate mtandao. Bila mtandao, simu lazima ipate taarifa za mizingo kutoka kwa setilaiti zenyewe, na hizo huchukua kama sekunde 30, au zaidi mawimbi yakikatikakatika.

Nukta ngapi, kila baada ya muda gani

Kwa miguu, rekodi kila sekunde 1 au 2. Mtu hutembea kama mita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo kila pindo la kichochoro litaonekana. Kwa baiskeli na pikipiki baki na sekunde 1. Kwa gari ndiyo kabisa: kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Ukiweka sekunde 5, nukta zako zinaachana kwa mita 83, na kona zote kali zitakatwa kama kwa panga.

Usiogope ukubwa wa faili. Saa nzima ya nukta za kila sekunde ni nukta 3,600, na GPX yake kwa kawaida haifiki hata megabaiti 1. Kama programu ina kichujio cha usahihi, kataa nukta ambazo simu yenyewe inakiri kosa lake linazidi mita 20. Usibane zaidi ya hapo. Ukiweka mita 5, sehemu ngumu zote zitageuka mapengo. Vichujio vya kulainisha mstari vizime. Tunataka kipimo kibichi.

Uwanjani

Anza kurekodi mahali peupe, kisha simama dakika moja au mbili mpaka mita za kosa zinazoonyeshwa ziache kushuka. Nukta za mwanzo ndizo mbovu kuliko zote, na anayewasha na kuondoka papo hapo huanza traki yake juu ya paa la nyumba ya jirani.

Simu ikae juu na isizibwe: mfuko wa kifuani, mkanda wa begani wa begi, au dashibodi chini ya kioo cha mbele. Mfuko wa nyuma wa suruali ni mahali pabaya, maana mwili wako wenyewe ni maji mengi na maji huzuia mawimbi.

Tembea katikati ya njia panapowezekana kwa usalama. Kwenye barabara pana, pita upande mmoja ukienda na mwingine ukirudi, kisha uchore katikati. Fika hadi mwisho wa kila njia. Kama haipitiki mbele, simama pale na uweke alama, kwa sababu ukigeuka bila kuandika, nyumbani hutakumbuka kama njia iliisha au wewe ndiye uliyechoka. Penye njiapanda weka alama hata kama hutaingia upande wa pili.

Ukisimama kuzungumza na mtu, sitisha rekodi. Simu isiyosogea huendelea kutoa nukta zinazozunguka kama kundi la nyuki, na baadaye huwezi kujua kama pale palikuwa na uwanja au ulikuwa unakunywa maji. Na usitazame skrini ukiwa unaendesha chombo. Weka mwenzako wa kuandika, au tumia sauti.

Sasa maelezo, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yanayotofautisha mchango wa thamani na mstari mtupu. Kwa kila njia jaribu kurudi na majibu ya haya: juu pana lami, changarawe au udongo? Gari dogo linapita, au pikipiki na miguu tu? Mvua ikinyesha inapitika? Kuna daraja, kalavati, au watu wanavuka ndani ya maji? Kuna geti, na linafungwa? Ni ya mwelekeo mmoja? Jina lake ni lipi kwenye kibao, na wenyeji wanaiitaje? Zaidi ya njia, weka alama kwenye visima, mabomba ya maji ya kunywa, shule, zahanati, vituo vya basi. Kisima kinachofanya kazi, kikiwa na alama sahihi, kina faida kuliko kilomita nyingi za njia zisizo na maelezo.

Sauti ndiyo njia ya haraka: "kushoto njia ya miguu, udongo, upana mita moja". Picha nayo ni shahidi mzuri wa vibao na majina. Kabla ya kuanza, piga picha ya skrini ya GPS inayoonyesha saa pamoja na sekunde. Kamera ikiwa mbele kwa sekunde 40, picha hiyo moja itakuonyesha, na programu ya JOSM itazisogeza picha zote kwa kiasi hicho na kuziweka mahali pake kwenye traki. Kumbuka saa za ndani ya GPX ni za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, huku kamera ikiandika saa za mahali ulipo.

Kusafisha faili

Fungua traki kwenye JOSM, programu ya bure ya kompyuta inayotumia Java. Kata nukta za mwanzo kabla mawimbi hayajatulia. Kata makundi ya mahali uliposimama. Ondoa mruko wowote usiowezekana, kama nukta moja iliyo mita 300 pembeni kwa sekunde moja.

Kisha kata mwanzo na mwisho wa safari kama ulianzia nyumbani. Mita 300 hadi 500 zinatosha mara nyingi, lakini badilisha umbali huo kila safari. Ukikata mita 300 zilezile kila mara, traki kumi zitachora duara kuzunguka nyumba yako. Afadhali zaidi, uwe unaanza kurekodi ukishafika mbali.

Nukta zilizobaki usizibadilishe. Usizilainishe wala usizipunguze.

Kupakia traki

Fungua akaunti kwenye openstreetmap.org, ingia, nenda kwenye ukurasa wa traki za GPS, chagua faili. Inapokelewa GPX ya kawaida au iliyobanwa kwa zip au gzip. Andika maelezo mafupi yenye maana: eneo, chombo ulichosafiria, mwezi na mwaka.

Utaulizwa nani aione, na hapa uchague kwa makini. "Private" inaficha jina lako na kutoa nukta bila mpangilio wala saa. "Public" nayo hutoa nukta bila mpangilio, ila faili inaonekana kwenye orodha ya traki. "Trackable" inatoa nukta kwa mpangilio na saa zake, bila jina. "Identifiable" inaonyesha kila kitu pamoja na jina la akaunti. Kwa wachora ramani wengine zenye mpangilio ndizo zenye faida, kwa sababu zinaonyesha mwelekeo na mwendo. Tunapendekeza "Identifiable" kwa safari za upimaji zilizopangwa, na "Trackable" kwa safari za maisha ya kila siku. Baada ya muda utapata barua pepe inayosema kama faili imekubaliwa. Ikikataliwa, kosa la kwanza kulitafuta ni nukta zisizo na saa.

Kupakia traki hakubadilishi ramani hata kidogo. Wengi hungoja barabara itokeze, wakavunjika moyo. Traki ni kielelezo tu. Barabara ni lazima ichorwe.

Kuchora

Kwa kazi ndogo tumia iD, kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari: buruta faili ya GPX uidondoshe juu ya ramani, na mstari utaonekana. Kwa kazi kubwa tumia JOSM. Pakua data iliyopo ya eneo hilo kabla ya kuchora chochote, kwa sababu huenda njia imeshachorwa na inahitaji kurekebishwa tu.

Usiigeuze traki moja kwa moja kuwa barabara, ingawa JOSM inakuruhusu. Utaingiza mamia ya nodi (nukta zinazounda mstari kwenye ramani) zinazotetemeka ambazo atakayekuja baadaye atazisafisha kwa mkono. Chora upya juu yake: nodi mbili tatu kwenye kona, na mstari mnyoofu uwe na nodi mbili. Ukiwa na traki tatu hadi tano za njia moja, pita katikati yao na uachane na ile iliyojitenga.

Linganisha traki na picha ya setilaiti. Zikitofautiana, usikimbilie kusema picha imekosea kwa traki moja; kusanya kadhaa, zikiwemo za watu wengine, ambazo vihariri vyote viwili huweza kuzionyesha. Angalia barabara ya kaskazini-kusini na nyingine ya mashariki-magharibi, kwa sababu barabara moja huonyesha kuhama kwa upande wake tu, haionyeshi kuhama kwa urefu wake. Ukisharidhika, sogeza picha kwa chombo cha kihariri ndipo uchore. Kiasi hicho cha kusogeza picha kisikupeleke mbali: ukivuka mlima au ukaingia kwenye picha ya tarehe nyingine, kinabadilika.

Kila njiapanda lazima njia zishiriki nodi moja. Mistari ikigusana kwa macho tu bila nodi ya pamoja, programu za kuelekeza safari hazitakatiza pale. Kwenye daraja ni kinyume: barabara ya juu na mto au barabara ya chini hazishiriki nodi. Kata mstari mwanzo na mwisho wa daraja, kipande hicho kipewe `bridge=yes` na `layer=1`.

Tagi, yaani lebo zinazoeleza kitu kilichochorwa ni nini, ziko chache zinazobeba kazi nyingi: `highway=residential` kwa barabara za mitaa ya makazi; `highway=track` kwa njia za magari kuelekea mashamba au msitu; `highway=path` kwa njia za miguu zisizojengwa; `surface=asphalt`, `gravel` au `ground` kwa uso wa barabara; `ford=yes` pale watu wanapovuka majini. Tahadhari na `highway=unclassified`: haina maana ya "haijulikani". Ni barabara ndogo inayounganisha vijiji. Kama hujui aina kabisa, iko `highway=road`, inayowaambia wengine kwamba panahitaji kukaguliwa. Kwa `oneway=yes`, mwelekeo ni ule mstari ulikochorwa kuelekea, kwa hiyo tazama mishale.

Kwenye `name` andika jina peke yake. "Njia ya vumbi ya shule" ni maelezo. Njia isiyo na jina iache bila jina. Na majina yatoke kwenye vibao na vinywa vya wenyeji, kamwe yasitoke kwenye ramani ya kampuni yoyote. Data za OpenStreetMap zimetolewa kwa leseni huria ya data iitwayo ODbL tangu Septemba 2012, na kitu kilichonakiliwa mahali pasiporuhusiwa kitafutwa, pamoja na kazi njema iliyoshikana nacho.

Kabla ya kutuma, endesha ukaguzi wa makosa. JOSM itakuonyesha ncha zinazokaribiana bila kuungana, na mistari inayokatizana bila nodi. Tuma mabadiliko ya eneo moja kwa pamoja, yakiwa na maelezo kama "Njia za miguu kusini ya mto, zimepimwa kwa GPS", na taja `survey` (upimaji wa uwanjani) kuwa chanzo.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara

Traki yote inaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita: kipokezi ni cha zamani. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na ilianza upya Agosti 1999 na Aprili 2019. Mahali ni sahihi, tarehe siyo. Sogeza saa zote kwa wiki 1,024 kwa kutumia GPSBabel, programu ya kubadilisha faili za GPS, kabla ya kupakia au kulinganisha na picha.

Mwinuko unatofautiana makumi ya mita na kibao cha kileleni: baadhi ya vifaa hutoa kimo juu ya umbo la kihesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na hata bila hivyo mwinuko wa GPS hukosea zaidi kuliko mahali. Usiandike `ele`, tagi ya mwinuko, kutokana na traki moja ya simu.

Mstari mnyoofu unakatiza mtaa mzima: mawimbi yalipotea, na programu ikaunganisha nukta ya mwisho na ya kwanza iliyofuata. Kata hapo ziwe sehemu mbili, na njia isiyopimwa usiichore kwa kukisia.

Barabara uliyoichora haionekani: ramani kuu kwa kawaida huchukua dakika chache, lakini kivinjari chako huweza kushikilia picha ya zamani. Programu za simu zinazotumia ramani bila mtandao husubiri toleo jipya, mara nyingine wiki kadhaa.

Mchora ramani mwingine ameacha swali kwenye mabadiliko yako: mjibu, hata kama ni kwa mstari mmoja, na umwambie ulichokiona kwa macho na siku uliyokiona. Kama amekosoa tagi na ana hoja, rekebisha palepale. Traki na picha zako zihifadhi angalau mpaka mjadala huo umalizike.